Wagika na Wagalu wa Darasa la Nne

Mwalimu Gladness Kokugonza alikuwa na kinanda cha karatasi. Alikichora mwenyewe kwenye manila mbili zilizounganishwa kwa gundi, vibonyezo vyeusi akavipaka wino, vyeupe akaviacha vilivyo, akakibandika ukutani katika Darasa la Nne B. Kila Alhamisi, kipindi cha tano, watoto walipanga foleni kwenda kukibonyeza. Kinanda chenyewe kilikuwa bubu, kwa hiyo aliyebonyeza ndiye aliyeimba: do. Anayefuata: re. Huku nyuma wenzao zaidi ya mia wanasubiri, na mtoto wa miaka tisa akiambiwa asubiri, kila aliyewahi kulea anajua anavyosubiri. Huyu anamvuta mwenzake sikio, yule anachonga dawati kwa bikari, na wale wa dirishani wanahesabu bodaboda zinazopita barabara ya Musoma. Kengele ikilia, wameimba watoto wachache, noti moja moja, na Mwalimu Gladness amebaki na koo linalouma.

Asilaumiwe upesi. Mtu hufundisha alivyofundishwa. Gladness alizaliwa Kamachumu, huko Muleba, baba yake akiwa mwalimu wa kwaya, na nyumbani kwao neno muziki lilikuwa na maana moja tu: kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga, ambacho panya walikuwa wameshatafuna mfuko wake wa upepo na bado kilitoa sauti ya kumsisimua mtu mwili mzima. Miguu yake ilipokuwa haifiki chini, kaka yake alikaa sakafuni akikandamiza pedali kwa mikono, naye juu akipiga. Katika chuo cha ualimu nako alikuta kinanda kimoja cha umeme na wanachuo wakingoja zamu. Kwa hiyo alipopangiwa shule ya msingi huku Igoma, akakuta darasa lenye watoto wa kujaza mabasi mawili na kabati lisilo na hata filimbi, alifanya lile aliloweza kufikiri. Wapo walimu ambao wasingechora chochote. Wangekaa kivulini na simu zao, na hakuna ambaye angewauliza. Bahati mbaya ya dunia hii, anayejitahidi ndiye anayeulizwa.

Aliyemuuliza ni Mwalimu Mkuu, Pius Mashimba, mtu mrefu wa Magu, mwalimu wa Hisabati tangu siku ya kwanza ya ajira yake, ambaye mfuko wa shati lake haukukosa kipande cha chaki. Siku moja ya Aprili alisimama dirishani kwa Nne B, mikono nyuma, akamtazama mtoto mmoja akibonyeza karatasi na wengine wawili wakipigania kifutio. Baada ya kipindi alimwita Gladness ofisini. Hakufoka, Mashimba hakuwa mtu wa kufoka. Alimweleza tu kwamba Darasa la Nne wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, kwamba matokeo ya Hisabati ya mwaka jana yalimtia aibu, na kwamba shule zikifunguliwa Julai, kipindi kile cha Alhamisi angekichukua yeye. Kuimba wataimba Ijumaa wakati wa usafi.

"Watoto wanaimba wakifagia tangu dunia iumbwe," alisema. "Kwa hilo hawahitaji mwalimu."

Gladness aliomba muda. Mwalimu Mkuu alikigeuzageuza kipande chake cha chaki, kisha akasema mkutano wa wazazi ungekuwa Juni, siku moja kabla ya kufunga shule. Siku hiyo amwonyeshe kwa macho yake kwamba darasa zima limejifunza kitu. Siyo wawili watatu wenye sauti nzuri, alisisitiza. Darasa zima. Akionyeshwa, kipindi kitabaki.

Nyumbani kwake Nyakato, akimenya ndizi, Gladness alimsimulia mumewe, Antoni, fundi wa kupaka magari rangi. Alitarajia kupozwa. Antoni ni Mjita, na kudanganya kwa ajili ya kumfurahisha mtu hakujui. Alisema hata yeye angechoka kubonyeza karatasi. Gladness alinuna mpaka ndizi zikaiva. Kilichomuuma si maneno ya mumewe wala ya Mwalimu Mkuu, bali ni kwamba wote wawili walisema jambo alilokuwa akilijua siku nyingi. Aliipenda kazi ile kuliko chochote alichowahi kufanya, na alikuwa akiifanya vibaya.

Baada ya kula, Antoni, kwa kutafuta amani, alimkumbusha safari yao ya Kisesa.

Ilikuwa mwaka uliotangulia, baada ya mavuno, walipokwenda kutazama ngoma za Wasukuma zikishindana. Gladness alizoea mashindano ya kwaya, ambapo kwaya moja inapanda jukwaani na nyingine zimekaa zimekunja mikono zikiwaombea waliopanda wakosee, halafu majaji wanaamua. Kisesa hakukuwa na jaji. Makundi mawili yalicheza kwenye uwanja mmoja, saa ile ile, kila moja na ngoma zake, na watu walikuwa huru kusimama watakako. Upande huu ukitoa kituko, umati unakimbilia huku. Upande ule ukibadilisha mdundo, umati unahama, vumbi linatimka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini pale walikaa, tena kutwa nzima. Na alipokumbuka vizuri, Gladness akaona kitu ambacho siku ile hakukijali: katika uwanja wote ule hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa akisubiri zamu.

Alhamisi iliyofuata aliwatoa Nne B nje. Nyuma ya jiko la shule kuna mwamba bapa, mpana kama uwanja wa netiboli, mbali kidogo na madarasa, kiasi kwamba hata Mwalimu Rose wa Darasa la Tano, ambaye hulalamikia mpaka njiwa walioko darini, asingepata neno. Safu za kushoto zilikwenda upande mmoja wa mwamba, za kulia upande wa pili, zikitazamana. Watoto wachache, kila wiki wengine, walikuwa watazamaji. Antoni alikuwa ameleta ndoo tupu za rangi kutoka gereji, na watoto walileta vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile yalivuma hasa, hata mpishi wa uji alitoka nje na mwiko mkononi kuangalia kuna nini.

Mwanzoni ilikuwa kelele tupu. Kila upande ulitaka kuumeza mwingine. Gladness akaweka sharti: nyimbo ni mbili, lakini mwendo ni mmoja, na anayekimbia amejitoa mwenyewe. Kila upande ulitunga wimbo wake. Wa kushoto waliimba juu ya mama aliyeanika dagaa na kunguru waliomzunguka. Wa kulia waliimba juu ya mvua inayotishia kunyesha na hainyeshi. Na katikati ya kila wimbo Gladness aliweka mahali pa kimya, mapigo manane, ambayo watoto waliyahesabu moyoni, kisha wakaingia wote kwa pamoja. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wewe umenyamaza, mpinzani wako hajanyamaza. Ukimfuata, umepotea. Usipomsikia kabisa, umepotea vilevile.

Watazamaji nao walikuwa na kazi. Walikuwa huru kuhama, lakini aliyehama alitakiwa kutoa sababu. Wiki ya kwanza walisema wale wamependeza. Wiki ya tatu mtoto mmoja alimwambia mwalimu kwamba amehama kwa sababu hawa wanaanza polepole halafu wanakimbiza mdundo bila kujijua. Mwingine akasema wale wana nguvu lakini hawapumui pamoja. Gladness alisimama akiwatazama. Mambo hayo yeye aliyajua akiwa mwaka wa pili chuoni.

Na alikuwepo Sabina Ndalahwa. Huyu alikuwa mtoto mwembamba wa safu ya kushoto, mkimya, ambaye foleni ya kinanda cha karatasi haikuwahi kumfikia hata siku moja. Siku ya kwanza juu ya mwamba alipewa ndoo kubwa kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu nayo, na tangu hapo haikuhama mikononi mwake. Wenzake wakiyumba, yeye hayumbi. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo upande mmoja, akisikiliza kote kuwili, na upande wake mzima ulimwegemea kama watu wanavyoegemea ukuta. Gladness alipofikiria kwamba mtoto yule alikaa miezi mitatu kwenye foleni ya karatasi, alitamani kwenda kuomba radhi.

Sasa, makundi lazima yawe na majina. Gladness alichukua yale aliyoyasikia Kisesa: kushoto akawaita Wagika, kulia akawaita Wagalu. Alidhani ni kama Simba na Yanga. Na hata hapo angejiuliza ni mtoto gani wa Kitanzania unayeweza kumwambia Jumatatu asubuhi kwamba tangu leo yeye ni Yanga.

Kwa Wasukuma, Ugika na Ugalu ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza enzi za mababu. Mtu huvikuta nyumbani kama anavyokuta jina la ukoo, pamoja na nyimbo, siri, na dawa za kuvutia umati. Mwalimu wa kutoka Kamachumu alikuwa amevigawa kwa kufuata safu za madawati. Watoto walirudi nyumbani na habari hiyo, na kufikia kesho yake kundi la wazazi la Wasap, ambalo huwa kimya hata likiulizwa habari ya uji, lilikuwa limefurika ujumbe wa sauti, mwingine ukiwa na ng'ombe wanaolia kwa nyuma.

Jumatatu wazazi walikuwa getini. Mbele yao alisimama Mzee Luhende Ndalahwa, babu yake Sabina, dereva mstaafu wa malori ya pamba, kofia ya pama kichwani. Mzee alisema kwa utulivu unaotisha kuliko makelele kwamba katika ukoo wake hakuna aliyewahi kusimama upande wa Wagika, na sasa mjukuu wake amehamishiwa huko kwa sababu anakaa karibu na dirisha. Alikuwepo pia Aftab, muuza mabati, ambaye mwanawe Aman alikuwa safu ya kulia. Aftab alikuja kuuliza tu mwanawe ni nani katika mambo haya, maana babu zake waliingia Mwanza na majora ya vitambaa, wala hawakuacha wasia wowote kuhusu ngoma. Mzee Ndalahwa, ambaye misumari na mabati yake yote hununua kwa Aftab, alimwekea mkono begani akatangaza kwamba huyu ni Mgalu tangu zamani. Aftab ni mfanyabiashara. Hakubishana na mteja.

Mwalimu Mkuu alimwita Gladness. Kwanza alicheka mpaka akajifuta macho, kisha kicheko kikaisha. Alimweleza kile alichokifanya, pole pole, kama anayemfundisha mtoto desimali. Gladness alitaka kufuta majina siku ile ile, akaambiwa haitasaidia, watoto wameshaimba mitaani. Wazazi walitaka watoto wapangwe upya kwa koo zao. Lakini wakipangwa hivyo, Wagika wangebaki wa kuhesabu kwa vidole, na watoto wa Kihaya, wa Kijita na wa Kijaluo wangening'inia hewani, na kazi yote ya majuma yale ingekuwa bure. Mashimba akamwambia akamwone Mzee Ndalahwa, kwa kuwa wengine wangemfuata yeye. Akishindwa, Hisabati haitangoja Julai.

"Na wewe, mwalimu," Gladness aliuliza akiwa mlangoni, "uko upande gani?"

"Mimi ni mtumishi wa umma," alijibu Mwalimu Mkuu.

Gladness alikwenda jioni hiyo na kilo ya sukari. Nyumba ya Mzee iko juu ya kilima cha Igoma, imebanwa na majabali, na mwenyewe alikuwa barazani akisikiliza redio. Gladness alimpa shikamoo, akapokea marahaba, kisha kwa kutaka kupendeza akaongeza salamu ya Kisukuma aliyojifunza njiani: mwangaluka. Mzee alipunguza redio.

"Hiyo ni ya asubuhi, mwanangu. Saa hizi tunasema mwadila. Unatoka wapi?"

"Kamachumu, baba."

"Ndiyo maana." Akamwonyesha kiti.

Gladness hakuzunguka. Alisema amekosa, alisema hakujua, na alisema hakukusudia kumdharau yeye wala waliomzaa. Mzee akauliza mtoto anafanya nini hasa kwenye huo mwamba wao. Gladness akamsimulia juu ya ile ndoo, na kichwa kile kinavyoinama, na jinsi watoto hamsini na zaidi wanavyomtegemea mmoja. Alisimulia kwa muda mrefu, maana lilikuwa jambo alilolipenda, na alipomaliza aliona mzee amezima redio kabisa.

"Hiyo ni damu ya Wagalu," alisema Mzee Ndalahwa. "Wagika hawana sikio."

"Nikimtoa, upande ule unaanguka, baba. Na watoto wenyewe hawana kosa."

Mzee alitazama chini kwenye mabati ya Igoma, akafikiri. Kurudi nyuma hakutaka, na kumnyima mjukuu ndoo yake pia hakutaka. Hilo lilionekana wazi usoni mwake. Mwishowe alipata njia, na aliipata mahali ambapo Msukuma yeyote angeitafuta, yaani zizini.

"Jirani yangu akiwa hana maziwa, mimi namwazima ng'ombe. Analala kwenye zizi lake, anakamuliwa huko, lakini watu wote wanajua ni wa nani. Basi mwambie mtoto hajahama. Ameazimwa. Na siku ya mkutano nitakuja, nitasimama na Wagalu wangu, tuone."

Neno hilo lilishuka mlima kabla ya Gladness. Kufikia usiku kundi la wazazi lilikuwa limetulia. Kila aliyekuwa na mtoto upande usio wake alitangaza kwamba amemwazima, na mmoja akataka ijulikane kwamba ameazima wawili. Watoto walilifurahia mno. Alhamisi hiyo juu ya mwamba Sabina alipokosea pigo, jambo la nadra, Aman alipaza sauti kutoka upande wa pili kuuliza kama ng'ombe wao anapewa majani ya kutosha.

Siku ya mkutano ikafika. Kwa kawaida mkutano wa wazazi pale shuleni ni akina mama wachache, watoto wao wa mgongoni, na mwenyekiti wa kamati anayesoma taarifa kwa viti vitupu. Siku hiyo viti havikutosha. Walikuja akina baba ambao walimu hawakuwahi kuwaona. Habari za vyoo na uji zilipitishwa upesi bila ubishi, watu wakitazama upande wa jiko, na mwenyekiti alipofunga mafaili wote walikuwa wameshasimama. Mwalimu Mkuu aliweka kiti chake katikati kabisa ya pande mbili, akakipima kwa macho, akakisogeza kidogo, akakaa.

Gladness alikuwa amevaa gauni lake la kitenge la Pasaka. Alijua kinachopimwa. Kama siku ile ingeishia kwenye kelele, Alhamisi ya Julai watoto hawa wangefungiwa ndani wakipiga hesabu, na hakuna ambaye angewatoa tena nje.

Wakaanza. Wagalu walishika mdundo, Wagika wakapokea, na kwa muda umati ulisimama pote sawasawa. Kisha Wagika wakatoa kituko chao. Mtoto mmoja akatokea amejifunga kanga ya mama yake, ungo mkononi, akiwafukuza kunguru sita waliovaa mifuko ya simenti. Watu wakaanguka kicheko. Umati ukahama wote kwa pamoja, simu juu, vigelegele vikapasuka, makofi yakapigwa kila mtu kwa mwendo wake. Upande wa Wagalu akabaki Mzee Ndalahwa na pama yake, akabaki Aftab aliyewekwa pale na misumari, na bibi mmoja aliyechelewa kunyanyuka. Wagalu hawakuyumba. Hakuna aliyewatazama, nao walipiga vilevile, Aman akitokwa na jasho juu ya vizibo vyake, macho mbele.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Wagika walifika mahali pao pa kimya, mapigo manane, na kimya hakikuwepo, umati ulikijaza kwa vifijo. Watoto wakapoteza hesabu. Wengine waliingia mapema, wengine walichelewa, kunguru mmoja akasimama katikati akishangaa, na wimbo ukamwagika kama dagaa kutoka kwenye ungo. Mwalimu Mkuu alitoa chaki mfukoni, dalili mbaya. Gladness aliinua mikono awaingize mwenyewe, kama alivyofanya baba yake mbele ya kila kwaya, halafu akaishusha. Akiwaingiza yeye, atakuwa ameonyesha kwamba yeye ndiye anayejua. Kuishusha ile mikono ndilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya mbele ya darasa.

Sabina aliacha kupiga. Aliinua kiganja, na upande wake wote ukanyamaza, mmoja mmoja, hadi kunguru wa mwisho. Kisha aliinamisha kichwa akakigeuza kuelekea kwa Wagalu. Wenzake wakageuza vichwa naye, hamsini na zaidi, wote wakiwategea wapinzani wao sikio. Umati ulipoona hivyo ukapungua kelele, ukauliza kuna nini, ukanyamaza. Na ndani ya ule unyamavu watu wakausikia mdundo wa Wagalu, ambao hawakuwa wameusikia tangu waupe mgongo, uko pale pale ulipoachwa, haukukimbia wala haukuchoka. Midomo ya watoto ilikuwa ikisogea bila sauti. Wakahesabu mpaka nane, ndoo kubwa ikalia, na Wagika wakaingia wote, kwa pigo moja.

Hapo nyimbo mbili zikaenda pamoja, dagaa huku na mvua kule, na watu hawakujua wasimame wapi. Wengine walirudi kwa Wagalu kama wenye kuona aibu. Wengine walibaki katikati ya mwamba wakigeuka huku na huku. Gladness alikuwa analia na hakujali nani anamwona. Kiti cha Mwalimu Mkuu kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa amesimama kwa Wagalu kabisa, akigonga chaki kwenye kiganja, sawa na mwendo. Walimu hadi leo wanabishana kama hilo lilikuwa jibu.

Baada ya vumbi kutulia, Mashimba alimshika bega mtoto wa nyuma kabisa kwa Wagika, mmoja ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, akamuuliza walijuaje mahali pa kuingia, nani aliwaonyesha.

"Hakuna, mwalimu. Zetu zilipotea, tukahesabu za wale."

Mwalimu Mkuu alimtazama Gladness, akarudisha chaki mfukoni. Alisema kipindi cha Alhamisi kitabaki kilivyo, na kwamba muda wa Hisabati atatafuta mahali pengine pa kuuiba.

Julai shule zilifunguliwa. Kinanda cha karatasi bado kiko ukutani, ila hakuna foleni. Mwalimu anaelekeza kwa fimbo, kushoto wanaimba, kulia wanajibu, wote kwa pamoja, na karatasi imeanza kuwa na maana. Kisha wanatoka kwenda mwambani. Alhamisi ya kwanza Gladness alimkuta Mzee Ndalahwa amesimama pale, pama mkononi, na hofu ikamwingia, kwani mkutano ulishapita na mwenye mali alikuwa na haki ya kudai mali yake. Hata hivyo alimpa shikamoo, kisha akamsalimu mwangaluka, na safari hii ilikuwa saa yake.

"Mwangaluka, mwalimu," alijibu Mzee. Aliwatazama Wagika wakijipanga, Sabina akiikalisha ndoo yake juu ya jiwe. "Nimekuja kuhusu yule wa kuazima."

"Nilijua, baba. Nitamwambia avuke."

"Nani amesema avuke?" Mzee alivaa pama yake. "Ng'ombe wa kuazima harudishwi kabla hajazaa. Mwache huko mpaka na hao wengine wajue kusikia."

Akaenda zake upande wa Wagalu, akatafuta jiwe zuri, akakaa kungojea waanze.